Kipindi cha redio cha kuchambua komedi: nikae na mchekeshaji, jopo, ama nifungue simu?

maiki_ya_kuazima
Wasee habari za mchana. Nisaidieni mawazo kabla sijajiaibisha hewani. Kuna redio moja ya jamii huku Eastlands, Nairobi, imenipa saa nzima kila Jumamosi, kuanzia saa kumi jioni, kipindi cha kuongelea komedi ya sasa hivi, yaani shoo ya stendapu iliyofanyika wikendi, klipu inayozunguka kwa simu za watu, kipindi kipya cha runinga, hivyo hivyo. Kazi si kuchekesha, kazi ni KUCHAMBUA. Pesa hakuna, ni fea na chai.

Sasa nina njia tatu na sijui nishike gani. Ya kwanza kila wiki nialike mchekeshaji mmoja tuongee shoo zake na za wenzake. Ya pili jopo la watu watatu wa kawaida ambao wote wameona shoo moja, halafu wavutane. Ya tatu nicheze klipu alafu nifungue simu na WhatsApp, watu waseme.

Ya kwanza tulishaijaribu wiki jana, rekodi ya majaribio. Jamaa ni mchekeshaji mzuri tu, alikuja mapema, tukanywa chai na mahamri hapo nje na akaniambia kinaga ubaga vile shoo fulani ilikuwa mbovu, mwenye shoo alirudia stori za mwaka juzi, maiki inazima, watu wameanza kutoka saa tatu wakawahi matatu. Nikasema leo nimepata kipindi. Taa nyekundu ikawaka jamaa akageuka mchungaji. "Kwa kweli ndugu yangu amejitahidi sana, Mungu aendelee kumwinua." Dakika arobaini na tano ya hiyo. Mtu wa mitambo alilala, na si mafumbo, alilala kabisa.

Nyinyi mngeskiza gani?

kinyozi_wa_pipeline
Simu bana. Mimi redio yangu imefungwa na waya juu ya kioo inaongea kutoka asubuhi mpaka nafunga, so najua watu wanaskiza nini. Ile Patanisho ya Gidi na Ghost pale Radio Jambo, ya kupatanisha waliokosana kwa simu, ikianza mi huzima mashine. Siambiwi na mtu, kastoma mwenyewe anainua mkono na kichwa nusu, anataka kuskia kama bibi atachukua simu. Hakuna mtu hungoja mtangazaji, wanangoja mwenye shida. Sasa uniwekee watu watatu waanze kunieleza "mpangilio wa mzaha" saa kumi ya Jumamosi na nina foleni ya watoto wa shule, aki nitabadilisha niweke mpira.

Bi_Safu_ya_Nyuma
Kinyozi nakuheshimu lakini hapana. Fungua simu kwa kipindi cha uchambuzi uone. Wa kwanza atasema "huyo jamaa ananibamba sana, na ningependa kusalimia mama watoto, shemeji yangu wa Kayole, na wote wanaonijua." Wa pili atasema ni mbaya, umuulize kwa nini, line ikatike. Patanisho inafanya kazi kwa sababu anayepiga ana stori YAKE. Kwa shoo ya mtu mwingine hana kitu cha kusema zaidi ya nimependa ama sijapenda.

Mimi ni wa jopo, na nitakueleza sababu moja tu. Juzi nilikuwa kwa ukumbi fulani mdogo wa mjini, watu kama sitini hivi, kijana akaanza stori ya keateka wa ploti anayefunga maji ukichelewesha kodi. Stori tumeiskia mara mia. Watu wakacheka kidogo, sasa badala ya kuendelea akanyamaza, akamkazia macho jamaa mmoja wa mbele kabisa aliyekuwa anakula njugu. Hakusema kitu. Ukumbi wote ukageuka, mmoja mmoja, kumwangalia yule wa njugu. Jamaa akaacha kutafuna, shavu limejaa. Ndio mchekeshaji akauliza polepole, "Umelipa?" Nilicheka mpaka nikamshika mkono mtu nisiyemjua.

Klipu yake ilikuja kwa simu siku mbili baadaye na haichekeshi hata kidogo, kwa sababu kamera ilikuwa imeangalia steji na njugu hazionekani. Sasa unataka kucheza hiyo klipu redioni, ambapo hata steji haionekani? Hapo unahitaji mtu aliyekuwa ndani akueleze kimya kilikuwa kirefu namna gani.

kinyozi_wa_pipeline
Sawa hiyo ya njugu nimeielewa 😂 lakini umeielewesha wewe, si jopo

Bi_Safu_ya_Nyuma
Ndio maana nasema mnialike.

mtoro_wa_Leicester
Niko Uingereza mwaka wa kumi sasa. BBC Radio 4 walikuwa na kipindi kinaitwa Saturday Review, mtangazaji na wageni wake, wote wameona sinema moja, tamthilia moja, wamesoma kitabu kimoja, wanakaa chini wanabishana. Walikifunga 2021. Nilikuwa naskiza nikiosha vyombo na raha yake ilikuwa pale wawili wanakataana kabisa juu ya kitu kilekile, unabaki unataka kwenda kujionea mwenyewe.

Lakini usikinakili zima zima. Huku mchambuzi ana pa kusimama. Edinburgh kuna tamasha tangu 1947, mwezi wa nane mji wote unajaa wachekeshaji, na magazeti yanatoa nyota, mtu akipata nyota nne anazibandika kwa bango lake kesho yake asubuhi, akipata mbili anatafuta bango lingine. Anayetoa nyota hana haja ya kuomba steji kwa mtu. Nairobi mchambuzi, mchekeshaji, promota na emsii wote wanakutana kwa meza moja ya nyama choma, na mmoja wao ni binamu ya mwingine.

jina_sitaji_mniwie_radhi
Hii imenigusa wacha niongee. Mimi nafanya stendapu, si mkubwa, nafungulia wakubwa. Mnamcheka huyo aliyegeuka mchungaji lakini hamjui hesabu yake. Steji za huu mji za kulipa unaweza kuzihesabu kwa vidole. Leo nikisema redioni shoo ya fulani ilikuwa mbovu, kesho fulani ndiye anapanga nani afungue, na keshokutwa nduguye ndiye anaandika orodha ya kampuni zinazotaka emsii wa pati ya mwisho wa mwaka, na hiyo Disemba ndio inanilipia kodi mpaka Machi. Kwa hivyo ndio, ndugu yangu amejitahidi na Mungu amwinue.

Na kitu kingine wasikilizaji hawajui. Mzaha sio wimbo. Wimbo ukichezwa redioni watu wanakuja ukumbini kuuimba na wewe. Mzaha ukichezwa redioni umekufa. Dakika kumi za maana mimi hunichukua miezi, naenda nazo vibanda vidogo watu wanakula mutura hawanitazami, nabadilisha neno moja, narudi. Halafu mtu azicheze Jumamosi saa kumi, nikizitoa Ijumaa inayofuata kuna mtu mbele anamalizia sentensi kabla yangu. Njia yako ya tatu ndio inaniogopesha kuliko zote.

Lakini ukinialika kuongea kazi, nitakuja. Niulize kwa nini watu wa mbele hawacheki hadi wa nyuma wacheke. Niulize mchongoano, yale matani ya kushindana, wa shule ya msingi unakaa wapi kwa stendapu ya leo. Usiniulize tu kuhusu wenzangu walio hai.

fundi_wa_stesheni
Nimefanya mitambo kwa redio tatu, ngoja niseme ya upande wangu haraka.

Klipu: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inakuruhusu kutumia kipande cha kazi ya mtu kwa ajili ya kukosoa ama kuchambua, mradi utaje chanzo. Kipande, si dakika kumi. Kwa hivyo jina_sitaji ana haki ya kulalamika ukicheza seti yake nzima, lakini sekunde ishirini na kumtaja ni sawa.

Matusi: saa kumi jioni uko ndani ya zile saa za kulinda watoto, zinaanza saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, na stendapu nyingi ya sasa ikipita hapo unabaki na piiip na shukrani. Rekodini Alhamisi, haririni Ijumaa. Laivu na mchekeshaji aliyechangamka utalia wewe.

Halafu redio za jamii za hapa Nairobi ni ndogo, Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibera ziko zote 99.9 na haziingiliani kwa sababu kila moja inafika mtaani kwake tu. Kwa hivyo rekodi ikiisha iweke kwa mtandao kama podikasti, la sivyo huyo wa Leicester hatakuskia, na hata mtu wa Rongai, hapo nje tu ya Nairobi, hatakuskia.

mtoro_wa_Leicester
Rongai ni mbali kuliko Leicester.

mzee_wa_idhaa
Vijana salamu. Mmeongea vizuri ila mnasahau redio ya hapa ilishakuwa na uchambuzi kabla mzaliwe. Marehemu Leonard Mambo Mbotela alianza kipindi cha Je, Huu Ni Ungwana mwaka wa 1966. Haikuwa komedi, ilikuwa tabia za watu, lakini tulicheka sana. Anakueleza mtu ameingia basi na kuku, kuku anadona abiria, mwenye kuku anajifanya amelala. Hamtaji mtu, hafoki, anakuachia swali tu, je, huu ni ungwana? Nyumbani mabishano yanaanza hapo na chakula kinapoa.

Mwanangu maiki_ya_kuazima, tafuta swali lako moja. Kila wiki lilelile. Wageni wabishane juu ya hilo, na wasikilizaji watakuja kulijua, hata huyo kinyozi atalijibu akinyoa.

Bi_Safu_ya_Nyuma
Mzee shikamoo. Swali: "Ungelipa tena?"

kinyozi_wa_pipeline
Woi hilo ni kali. Ungelipa tena. Hilo hata simu zinaweza kulijibu na hawatasalimia mtu

kijiko_cha_mwisho
Sijaona mtu akigusa siasa. Wale wachekeshaji wa runinga Redykyulass walipokuwa wanamwiga Rais Moi mwishoni mwa miaka ya tisini watu walikuwa wanaangalia mlango kwanza ndio wacheke. Leo mmoja wao, KJ (John Kiarie), mwenyewe ni mbunge wa Dagoretti Kusini tangu 2017. Sasa mchekeshaji akimwimbia sifa gavana kwa mkutano halafu Ijumaa anafanya shoo, hiyo mtachambua ama mtapita kando? Na nani analipia matangazo ya kipindi? Kama ni promota wa hizo shoo, wacheni tu, mtakuwa mnasoma bango lake kwa sauti.

maiki_ya_kuazima
kijiko umenikanyaga kwa kidonda. Jana meneja wa matangazo alinipigia kwa furaha ati amepata mdhamini. Nikauliza nani. Promota. Anaandaa shoo mbili mwezi ujao na anataka "mzichambue vizuri." Hilo neno vizuri alilivuta kama mpira wa suruali.

Nimemwambia matangazo yake yaende kwa kipindi cha rumba cha Jumapili, mimi nibaki na chai yangu. Amenuna lakini hajakataa.

Kwa hivyo nimekata hivi. Jopo. Watu watatu, wanabadilika badilika, wote wameona shoo ileile, na KILA MTU ANAJILIPIA TIKETI, hata mimi, hakuna kuingia kwa mlango wa nyuma na mchekeshaji. Jina_sitaji na wenzake wanakuja mara moja kwa mwezi kuongea kazi yao tu, na nimeahidi sitauliza kuhusu walio hai. Klipu sekunde ishirini basi. Simu dakika kumi za mwisho, laivu Jumamosi, swali moja tu, ungelipa tena, atakayeanza kusalimia namkata. Jopo tunarekodi Alhamisi jioni. Kijiko, ya gavana tutaichambua ikiwa ni sehemu ya shoo, ikiwa ni mkutano hiyo ni habari, wapelekee watu wa habari. Najua hutaridhika.

kijiko_cha_mwisho
Sijaridhika. Lakini ya promota umefanya kiume.

Bi_Safu_ya_Nyuma
Kiume? Mimi ndio nilisema jopo.

kijiko_cha_mwisho
Pole madam. Umefanya kiungwana.

maiki_ya_kuazima
Shoo ya kwanza ni Jumanne hii inayokuja, ukumbi nitawatumia inbox. Bi Safu uko ndani. Kinyozi nakutaka pia, usiniambie una foleni, Jumanne hakuna mtu ananyolewa. Nafasi ya tatu bado iko wazi. Tiketi ni thao, yaani elfu moja, mnajilipia.

kinyozi_wa_pipeline
Thao? Kwa hiyo bei mimi nimeshajibu hilo swali na bado sijaingia

mzee_wa_idhaa
Mwanangu, mimi nina hiyo thao. Lakini niketi karibu na mlango, magoti.