Naomba ushauri: ahadi ya ujenzi wa kanisa na hali ngumu nyumbani

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Mwezi wa Januari niliahidi kwa moyo wote shilingi 600,000 za ujenzi wa kanisa letu, lakini tangu mume wangu apate kiharusi, cherehani yangu ndiyo inayolisha watoto na kununua dawa, nami nimetoa 250,000 tu. Nilimweleza mzee wa kanisa, akanishauri nikope. Moyo wangu ulikataa, kwa kuwa Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu. Kufundisha watoto siku ya Jumapili sijaacha, wala sitaki kuacha. Je, nikiomba kupunguziwa nitakuwa nimevunja nadhiri? Na je, kushona majoho ya kwaya bila malipo kwaweza kuhesabiwa badala ya fedha iliyobaki?