Mama Ngina pawekwe darubini ya umma, au twaota mchana?

Binti wa Kibokoni

Nauliza kwa wema, msinirukie. Kaunti ikipata tena pesa za kupamba mji, mbona isiweke darubini moja ya maana pale Mama Ngina, ufuoni hapa Mombasa, palepale watu wanapokula mihogo na madafu, kila mtu achungulie angani bure? Jumapili tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, kuanzia saa mbili na nusu usiku mpaka karibu saa nne. Mtaa mzima ulitoka nje. Kila mkono una simu, na kila simu ilitoa picha ileile ya kidoa chekundu. Watu wanataka kuona, ila hawana cha kutazamia.

Mimi nina wazimu wangu, hilo sifichi. Wenzangu bando lao huishia kwenye tamthilia za Kikorea, langu laishia kuitazama dunia laivu kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kiko kilomita kama 400 juu yetu na chazunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kwa hivyo waliomo huona jua likichomoza mara 16 kwa siku. Mimi huliona mara moja tu, maana huanza na "dakika tano" nikashtuliwa na adhana ya alfajiri. Nikijichunguza, sina tofauti na shabiki yeyote. Roketi ikiahirishwa, nanuna. Mtu akisema hakuna aliyekanyaga mwezini, nabishana naye mpaka chaji iishe, na hata jina simjui. Basi si bora mapenzi haya yatoke kiganjani yaende ufuoni, watoto wazione pete za sayari ya Zohali kwa macho yao?

Na angalau roketi ikirushwa hufika. Siyo Arsenal.

Gunner wa Bondeni

Nilikuwa nakuunga mkono neno kwa neno mpaka hapo mwisho. Arsenal imeingiaje kwenye darubini, dada yangu?

Mlipa Kodi wa Likoni

Darubini! Asubuhi nabanwa feri mpaka vifungo vya shati vyakatika, jioni nanunua maji ya mkokoteni, mtungi baada ya mtungi. Nikichungulia hiyo Zohali nitaona bomba la maji? Pesa hizo ziende kwenye maji kwanza. Na wewe binti, wazazi wako wajua kama wakesha darini mpaka alfajiri?

Shetani Mwekundu wa Tudor

Gunner, imeingilia mlango wa 2004, mwaka wenu wa mwisho kubeba ligi. Kisha wa pili 2023, wa pili 2024, wa pili 2025. Nyinyi ni setilaiti hasa, mwalizunguka kombe bila kutua.

Gunner wa Bondeni

Manchester United iliyomaliza nambari 15 msimu uliopita nayo imefungua mdomo, subhanallah. Na nani kasema roketi hufika? Starship ya SpaceX ilipotea Januari, ikapotea Machi, ikapotea Mei, na Juni ikalipuka hata haijaondoka chini. Sisi hata tukifungwa, basi letu hurudi salama.

Binti wa Kibokoni

Mwisho wa Agosti ilifaulu, iliruka ikashuka baharini. Hilo umelisahau makusudi.

Mlipa Kodi, sikusema darini, nilisema simu. Soma kwanza. Na kuhusu wazazi: mradi wa setilaiti ya Uhuru ulisimamiwa na mwanamke, Marjorie Townsend wa NASA, shirika la anga la Marekani, na ndiye aliyeipa jina hilo la Kiswahili. Ilirushwa hapahapa Pwani yetu, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Kuna aliyemuuliza yeye kama wazazi wake wajua?

Mlipa Kodi wa Likoni

Mimi nimeuliza kama mzazi. Siku hizi mtu akiuliza kwa uchungu wa mwana, aletewa Mmarekani.

Gunner wa Bondeni

Agosti nasi tuliwapiga Leeds tano bila.

Shetani Mwekundu wa Tudor

Na Agosti ileile ikaisha mmefungwa na Liverpool. Malizia hadithi.

Mwana wa Ngomeni

Afadhali kuna aliyetaja Pwani. Uhuru ya Waitaliano ile ilipaa baharini kwetu, mbele ya Ngomeni, na majukwaa ya chuma bado yasimama majini. Roketi za kupeleka setilaiti zilipaa pale tangu 1967 mpaka 1988, kisha kimya. Kijiji kikabaki na mashamba ya chumvi na kaa. Setilaiti yetu wenyewe, Taifa-1, mwaka 2023 ikaenda kurushiwa California! Mwagombania darubini ya Mama Ngina ilhali jukwaa la roketi mnalo, hamuulizi lawanufaisha nani.

Mwalimu wa Fizikia

Ndugu yangu wa Ngomeni, hoja yako nzito, ila turekebishe kidogo. Uhuru haikuwa ya Waitaliano. Setilaiti ilikuwa ya NASA, roketi yake Scout ya Marekani, na jukwaa ndilo la Waitaliano, waliorusha ni wao. Walipapenda kwa sababu mbili. Karibu na ikweta ardhi yenyewe yakimbia kuelekea mashariki kwa kilomita kama 1,670 kwa saa, kwa hivyo roketi hupewa msukumo wa bure. Ya pili, mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, kikianguka chuma hakimwangukii mtu. Mnakumbuka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ya kilo kama 500 ilivyotoka juu?

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kuchunguza miale ya eksirei ya angani. Vipimo vyake ndivyo vilivyowafanya wataalamu washuku kwamba Cygnus X-1, chanzo kimoja cha miale hiyo, ni shimo jeusi, lile linalomeza hata mwanga. Wanafunzi wangu huapa nawatania nikiwaambia safari hiyo ilianzia Kilifi.

Na Binti, usiwaahidi watoto pete za Zohali mwaka huu wa 2025. Zimetulalia ubavu, kwenye darubini ndogo ni kimstari tu. Waonyeshe mashimo ya mwezini.

Mlipa Kodi wa Likoni

Kumbe vyuma vyaanguka! Sasa nimeelewa. Darubini ni ya kutazama kile kitakachotuangukia.

Mama Kaimati

Mimi nauza kaimati, mambo ya anga siyajui, lakini hesabu nazijua. Taifa-1 iliripotiwa kugharimu shilingi kama milioni 50. Mwaka uleule Arsenal ilimnunua Declan Rice, wakasema pauni milioni 105. Pauni, si shilingi. Na vijana wa hapa maskani wanaolia pesa za setilaiti zimeliwa ndio haohao wa jezi mpya kila msimu, nami wananidai za kaimati tangu Ramadhani.

Gunner wa Bondeni

Mama, Rice hana bei. Na deni langu ni la juzi, si la Ramadhani.

Shetani Mwekundu wa Tudor

Amejitaja mwenyewe!

Nahodha Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote nikacheka. Mwasema anga ni jambo geni la kina NASA. Sisi tulisafiri kwa nyota kabla ya hiyo simu. Wazee walitwambia, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na mkulima alijua lini atie jembe. Jumapili nyote mlikodolea macho mwezi. Nani aliyeangalia maji? Mwezi hupatwa ukiwa mpevu, na mpevu ndio bamvua, maji hujaa sana na kutoka sana. Mvuvi asiyejua mwezi hushinda amekwama mchangani na ngalawa yake. Hiyo darubini wekeni, lakini na mtu wa kueleza awepo, la sivyo itakuwa ya kupigia picha za harusi.

Binti wa Kibokoni

Ami, wallahi umenena. Wewe ndiye ungekaa pale ueleze.

Nahodha Mstaafu

Kwa mshahara wa nani? Kaunti?

Shetani Mwekundu wa Tudor

Mimi nina swali la kweli. Shabiki ana timu, ana mahasimu, anaumia. Wewe Binti washabikia mashine. Mashine itakuumizaje?

Binti wa Kibokoni

Hujui lolote. Opportunity, kigari cha NASA, ilipelekwa sayari ya Mirihi ifanye kazi siku 90, ikadumu karibu miaka 15. Dhoruba ya vumbi ya 2018 ikaifunika, wakaiita ikawa haiitiki. Februari 2019 walipotangaza basi imekwisha, nilikuwa na sare ya shule bado, nikalia darasani. Wenzangu walidhani nimefiwa. Nitajie mchezaji wa United aliyedumu mara 60 ya mkataba wake.

Gunner wa Bondeni

Hapo umempiga kwenye mfupa. Dada, Arsenal nimekusamehe.

Shetani Mwekundu wa Tudor

Giggs.

Mwalimu wa Fizikia

Giggs alikuwa na mikataba mingi, si mmoja.

Mwana wa Ngomeni

Nimeuliza kuhusu Ngomeni, nimejibiwa Giggs.

Mama Kaimati

Mwanangu, hapa ndivyo palivyo. Mimi naona hivi: mwenye banda la mpira ana skrini kubwa tatu. Siku isiyo na mechi aweke hizo roketi na kupatwa kwa mwezi, watoto walipe shilingi kumi. Kaunti hatuisubiri.

Gunner wa Bondeni

Siku isiyo na mechi ni ipi?

Mwalimu wa Fizikia

Tarehe 2 Agosti 2027, Jumatatu. Jua litapatwa lote, na kivuli kitapita Makka kwenyewe. Sisi hapa tutaliona limemegwa tu.

Mlipa Kodi wa Likoni

Hiyo nitatazama. Ile miwani ya giza ya Marikiti yatosha?

Mwalimu wa Fizikia

Haitoshi hata kidogo! Utaunguza macho. Ni ile maalumu ya kutazamia kupatwa kwa jua, basi.

Mlipa Kodi wa Likoni

Kaunti ndiyo itugawie hiyo miwani. Tena bure, twalipa kodi.

Binti wa Kibokoni

Saa hizi wataka pesa za umma ziende angani?

Mlipa Kodi wa Likoni

Macho ni afya, si anga. Usinigeuzie maneno.

Gunner wa Bondeni

Nyinyi pangeni ya 2027. Jumamosi hii saa nane na nusu mchana ni sisi na Nottingham Forest, banda ni lilelile. Binti akija namlipia mimi. Akitaja 2004, atoke.

Mama Kaimati

Una pesa za kulipia watu? Nakuja na daftari.