Linux Mint, Lubuntu, antiX, ChromeOS Flex au kubaki Windows 10? Ulinganisho kwa mashine za steshenari Mafinga (na simu mbili)

MamaSteshenari, Mafinga

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari hapa Mafinga, karibu na stendi. Kazi zetu mnazijua: kuchapa barua na CV, kutoa kopi, kuskani vyeti, kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa HESLB na ya kazi kwenye Ajira Portal, kutengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi. Mashine zote nilizinunua mtumba na zote zilikuja na Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haipandi. Kununua mpya mwaka huu haiwezekani, nina ada za watoto.

Nilizonazo:

HP EliteBook 840 G3, i5 ya kizazi cha sita, RAM 8GB, ina SSD (diski ya kasi isiyozunguka).
Dell OptiPlex 780 ya mezani, Core 2 Duo, RAM 4GB, diski ile ya kuzunguka.
HP Mini ya Atom N270, RAM 1GB. Anaitumia binti yangu wa kidato cha pili.
Printa ni HP LaserJet P1102.
Simu: Redmi Note 7 na Tecno ya zamani, zote hazipati apdeti tena.

Mmoja kaniambia Linux Mint (Linux ni mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows), mwingine ChromeOS Flex ya Google, mwingine kasema nibaki nilipo nisijisumbue. Sitafuti mfumo ulio bora duniani. Nataka ule utakaonifaa mimi ambaye mteja amesimama dirishani na basi lake linapiga honi.

FundiMwanjelwa, Mbeya

Dada yangu, umefanya vizuri kuweka aina za mashine, wengi huwa wanauliza juu juu.

Hiyo 840 G3 haina ugonjwa wowote. Windows 11 inaikataa kwa sababu Microsoft wameweka sharti la prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Weka Linux Mint ya Cinnamon, ndiyo yenye muonekano kamili. Matoleo yote ya Mint 22 yatapata apdeti hadi 2029, na mtu aliyezoea Windows haulizi menyu iko wapi.

OptiPlex ndiyo inayotaka kufikiriwa. Kabla hujachagua mfumo, toa hiyo diski ya kuzunguka uweke SSD, hata ya 120GB. Nasema hivi kila siku hapa kijiweni: mtu anabadilisha Windows mara nne wakati kinachomchelewesha ni diski. Baada ya hapo una Mint Xfce (Mint yenye muonekano mwepesi) na Lubuntu, Linux nyingine nyepesi. Lubuntu ni nyepesi zaidi ikiwa imewaka tu bila kazi. Lakini fungua Firefox na kurasa tano uone: kivinjari kinakula RAM kuliko mfumo wenyewe, na tofauti yao inakuwa ndogo. Tena Lubuntu 24.04 inahudumiwa miaka mitatu tu, hadi Aprili 2027. Mimi ningeweka Mint zote mbili ili binti wa dukani ajifunze mara moja.

Jambo jingine la OptiPlex. Kama umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka kumi na zaidi, nunua betri ndogo ya kwenye bodi, CR2032, inauzwa hata kwa mafundi saa. Tarehe ikiwa ya zamani kivinjari kinakataa tovuti karibu zote, kinasema cheti cha usalama hakifai. Watu wanadhani mtandao mbovu, wananunua bando lingine.

ChromeOS Flex nisingeiweka dukani. Inahitaji RAM 4GB, na kwa RAM mashine zako mbili zinatosha, lakini kila kitu kinapita kwenye akaunti ya Google. Mtandao ukiyumba, kazi inayumba. Na siku ya mwisho ya kila modeli inapangwa na Google, si na watu wanaoitumia.

MzeeTukuyu

Mwanangu MamaSteshenari, mimi nitakuwa upande wa pili kidogo.

Usiondoe Windows kwenye mashine zote kwa mkupuo. Nimefanya hesabu za chama cha msingi cha chai kwa miaka mingi, na programu yetu ya hesabu haifungui kwingine zaidi ya Windows. Wewe una mafaili ya kadi ya Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi, sivyo? Hayo nayo ni ya Windows. Microsoft wametoa apdeti za ziada za usalama kwa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha. Tumia muda huo kujipanga.

La pili ni hili. Programu za kujitolea zinategemea watu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili kitupu. Nilifurahi sana, nikaisambaza kwa wenzangu. Leo mafundi vijana ninaowauliza hawajawahi hata kuisikia. Kabla hujaweka duka lako mikononi mwa watu usiowajua, uliza wapo wangapi na wamekuwapo tangu lini.

KijanaIyunga, Mbeya

Shikamoo mzee. Swali lako ni la msingi na naomba nilijibu kwanza.

Debian, mfumo wa Linux, ipo tangu 1993 na inaendeshwa na watu wa kujitolea. Ubuntu imejengwa juu yake, na Mint juu ya Ubuntu tangu 2006. Mint wana hata toleo jingine, LMDE, linalokaa moja kwa moja juu ya Debian, ili Ubuntu ikiyumba wao wawe na pa kusimama. Na kwenye simu tumeshaona inakuwaje kampuni ikianguka: CyanogenMod, mfumo wa simu uliotokana na Android, ilifungwa Desemba 2016, na walewale waliokuwa wakiitengeneza wakaendelea nayo kwa jina la LineageOS, kwa kuwa msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulikuwa wazi kwa wote. Kwa hiyo naangalia mambo mawili: wanaoutunza mfumo ni wengi kiasi gani, na je, hapa karibu yupo mtu anayeutumia ambaye naweza kumfuata. Kwa hilo la pili, Mint inashinda kwa Mbeya na Iringa. Mifumo mingine ni mizuri, ila ukikwama utakwama peke yako.

Sasa mama, kuhusu kazi zenyewe.

Mteja akileta CV ya Word, LibreOffice (programu ya ofisi ya bure) itaifungua. Tatizo linakuja kwenye herufi. CV nyingi zimeandikwa kwa Calibri, ambayo si ya bure, na ikikosekana mistari inasukumana, ukurasa mmoja unakuwa mmoja na robo. Hakikisha Carlito, aina ya herufi ya bure, ipo kwenye mashine. Imechorwa ili upana wa kila herufi uwe sawa na wa Calibri, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Times New Roman na Arial zina mbadala wa namna hiyo kwenye familia ya Liberation, hizo zinakuja na LibreOffice. Mteja akitaka kuprinti tu, mwombe PDF, hapo hakuna mjadala.

Printa ya P1102 inakubali, ila ina kitu chake. Linux inaitambua kwa HPLIP (draiva za printa za HP), unaona jina lake kabisa kwenye orodha, unatuma karatasi, kimya. Inahitaji kipande cha ziada cha HP wenyewe ambacho hakiji ndani ya mfumo. Fungua tamino (dirisha la kuandikia amri), andika `hp-plugin`, kubali masharti, subiri ipakue. Fanya hivyo siku unafunga mfumo, ukiwa na mtandao, usingoje mteja aje.

Publisher: Microsoft wenyewe wanaiua Oktoba 2026. LibreOffice Draw inafungua mafaili ya .pub, mpangilio huwa unahama hapa na pale. Kadi unazozitumia sana zitengeneze upya kwenye Inkscape au Scribus, programu za bure za kuchora na kupanga kurasa.

Na kabla hujafuta chochote, washa Mint kutoka kwenye flashi bila kuifunga. Jaribu waifai, sauti, skana. Waifai ikigoma, ambayo hutokea kwa kadi za Broadcom, chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti, utapata mtandao wa kupakulia draiva.

MwalimuMakete

Naomba niisemee hiyo HP Mini, maana naona wote mmeiruka.

Atom N270 ni prosesa ya zamani, ya biti 32. Milango imefungwa mingi: Mint hawatoi tena, LMDE 6 ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa biti 32, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena njia ya kuifunga kwenye mashine hizo. Zilizobaki ni chache, zikiwemo Debian 12 na antiX 23. Kati ya hizo chukua antiX, Linux nyepesi. Inawaka kwenye RAM ya 512MB na ina kivinjari chepesi ndani.

Lakini mwambie binti ukweli. Mozilla wamesitisha Firefox ya Linux ya biti 32, toleo la 144 ndilo la mwisho. Kwa hiyo hiyo mashine usiitumie kuingia benki wala barua pepe. Iwe ya kuandikia na kusomea.

Hapa shuleni kwetu mtandao unapatikana ukipanda mlimani, kwa hiyo tulitafuta njia nyingine. Tuna mashine moja ya i3 yenye Kolibri na Kiwix, programu za kusomea masomo na Wikipedia bila intaneti, imeunganishwa kwenye ruta isiyo na intaneti. Ndani kuna Wikipedia, Kiswahili na Kiingereza, na masomo ya hisabati na sayansi. Wanafunzi wanaingia kwa vivinjari vya laptopu kuukuu na simu zenye vioo vilivyopasuka. Mashine dhaifu inaonyesha tu ukurasa, kazi nzito inafanywa na ile moja. Nimeona mtoto ambaye hajawahi kuwa na bando akisoma habari za volkano, kisha akatoka nje kutazama milima yetu. Ndiyo maana mtu akisema "tupa hiyo" huwa naumia.

FundiMwanjelwa, Mbeya

Mwalimu, nakuheshimu, ila kwa duka ningeiuza hiyo Mini ikawe vipuri. Chaja, kioo na kibodi vina soko. RAM 1GB ni mateso hata kwa antiX ukifungua kitu chochote cha kisasa.

MwalimuMakete

Kwa duka nakubaliana nawe. Kwa binti wa kidato cha pili anayejifunza kuandika kwa vidole kumi, hapana. Abaki nayo.

DadaNjombe

Mimi ni wa simu. Jamani zisiachwe nyuma, watu wengi hapa Njombe kompyuta yao ni simu.

Redmi Note 7 imewahi kuwa kwenye orodha rasmi ya LineageOS. Angalia ukurasa wa kifaa chako kwenye wiki yao kabla ya yote, na ufuate ule wa modeli yako hasa, maana jina likifanana na herufi moja ikatofautiana unaweza kuua simu. Hatua ya kwanza ni kufungua butiloda, yaani kufuli linalozuia kuweka mfumo mwingine. Xiaomi wanakutaka uunganishe akaunti kisha usubiri, kwa kawaida wiki nzima, na ikifunguka inafuta kila kitu. Picha na namba zihamishe mapema.

Faida ni kubwa. Chrome tangu Agosti 2025 haitoi matoleo mapya kwa Android 8 na 9, kwa hiyo simu inazeeka hata kama kioo na betri ni vizima. Ukiweka LineageOS unapata Android mpya na unaondokana na matangazo yaliyopachikwa kwenye menyu.

Hasara yake ni programu za benki. Baadhi zinapima kama mfumo ni ule wa kiwandani na zikiona si wenyewe zinagoma kufunguka. Ile menyu ya *150*00# haijali, inapita kwenye laini, kwa hiyo M-Pesa utatuma na kupokea kama kawaida. Lakini kama wewe ni wakala au unategemea programu ya benki kupokea malipo ya duka, basi usiguse simu hiyo.

Tecno iache. Simu za Tecno, Infinix na itel hazimo kwenye orodha rasmi, na mara nyingi msimbo unaohitajika kuzitengenezea mfumo haupatikani. Kuna mifumo ya jumla iliyotengenezwa kwa simu nyingi kwa pamoja, inayowezekana tangu Android 8 ilipokuja na mpangilio wa Treble, nimeona zikiwaka, kamera au simu ya sauti ikakosekana. Tecno yako iondolee programu usizotumia, weka F-Droid (duka la programu za bure) upate programu nyepesi, iwe ya kuskania vyeti na kurushia intaneti dukani. Hiyo kazi itaiweza.

MzeeTukuyu

Kijana wa Iyunga, nimekuelewa kuhusu Debian. Basi pendekezo langu lirekebishwe: aanze na OptiPlex peke yake, 840 ibaki Windows hadi kadi zote ziwe zimehamishwa. Ikifika Oktoba 2026 naye awe amemaliza.

MamaSteshenari, Mafinga

Asanteni sana wote. Mzee, nitafanya hivyo: OptiPlex kwanza, SSD na Mint Xfce, ndiyo itakayokaa dirishani kwa maombi ya mtandaoni na kuprinti. 840 itabaki ilivyo, nitaiandikisha kwa hizo apdeti za ziada, na jioni tukifunga nitakuwa nazichora kadi upya. Mini ni ya binti na antiX yake. Redmi siigusi kwa sasa maana ndiyo napokelea malipo kwa programu ya benki.

Swali la mwisho. Mint ni karibu 3GB na bando langu halitoshi. Nikipewa nakala na mtu, nitajuaje haijachezewa?

KijanaIyunga, Mbeya

Kwenye tovuti ya Mint wanaweka namba ndefu ya kila faili, wanaiita sha256. Kuifungua hakuli bando. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda yenye faili, andika `certutil -hashfile` kisha jina la faili kisha `SHA256`. Ikitoka namba ileile, nakala ni salama. Ikitofautiana hata herufi moja, futa.

FundiMwanjelwa, Mbeya

Flashi ya 8GB inatosha. Mpe kondakta au mtu wako anayekuja Mbeya, nitakuwekea Mint Xfce na antiX ya biti 32 pamoja, kwa Ventoy (programu ya kuweka mifumo kadhaa kwenye flashi moja), utachagua ukiwasha mashine. Namba za sha256 usizichukue kwangu, zichukue tovutini mwenyewe ulinganishe.