Ndago tamu na ndago chungu: nipande za porini au za kununua?

Mchanga_Mkuranga: Wakuu habari zenu. Nina kaeneo ka kichanga huku Mkuranga nataka nipande ndago za kula, yale majani kama nyasi yenye vijiazi chini ya udongo, vijiazi vyake nisage nichuje kupata kinywaji kama maziwa, maana wateja wanaulizia. Porini zinajiotea tele, na mjini kuna zilizokaushwa, muuzaji anasema zinatoka Nigeria. Nichukue mbegu wapi? Na hizi za porini zote zinalika?

BintiShamba: Mkuu usichimbe hovyo, ndago zipo mbili na zote shina lake lina pembe tatu, kwa hiyo shina halikusaidii. Angalia maua, ya ile tamu ni ya manjano kwenda kahawia, ya chungu yana wekundu wa zambarau. Halafu fukua taratibu usivute: tamu kila kijiazi kipo peke yake mwisho wa mzizi, chungu vimefuatana kama shanga kwenye uzi. Jani la tamu linachongoka polepole mpaka ncha ndefu, la chungu linaishia ghafla. Ukitafuna ndo utajua kabisa, chungu ina ukali na harufu nzito, ndiyo ile India wanaiita nagarmotha wanatolea mafuta ya manukato. Kwa maziwa haifai.

JembeKali: Mi za porini sishauri hata hiyo tamu. Ile chungu, watafiti wa magugu, Holm na wenzake, mwaka 1977 waliiweka namba moja kwenye magugu mabaya kuliko yote duniani, na ukilima nayo unaelewa kwa nini, unang'oa majani vijiazi vinabaki chini vinachipua tena, ukipitisha haro ndo umeikata ile minyororo umeisambaza shamba zima. Tamu ya porini nayo ni gugu vilevile, ikiingia kwenye mahindi imeingia.

Mwana_Arusha: Sawa ni gugu, lakini tusiidharau jamani. Zinjanthropus tuliyemsoma shuleni, yule wa kale wa jamii ya binadamu, fuvu alilolikuta Mary Leakey pale Olduvai 1959, mwaka 2014 Gabriele Macho wa Oxford aliandika kwamba huenda chakula chake kikuu kilikuwa ndago hizi tamu. Alipitia ulaji wa nyani wa Amboseli kule Kenya akakadiria masaa mawili na nusu mpaka matatu yanatosha kujipatia asilimia 80 ya nguvu ya siku. Wapo wanaosema alikula zaidi nyasi zenyewe, mjadala upo, ila mimi hoja ya ndago naiona ina uzito kwa sababu kijiazi kina mafuta na wanga, nyasi zina nini?

MamaZai: Kwa upande wa jikoni kavu za dukani zinatosha kabisa. Loweka usiku kucha au siku nzima mpaka ijae, saga kwa blenda, chuja kwa kitambaa. Wahausa wanatia tende, tangawizi na nazi, ndo kunun aya yao, Wahispania wa Valencia wao wanatia sukari wanakunywa ya baridi. Mimi ya tende naipenda zaidi, haihitaji sukari. Usichemshe tu, wanga utashikana upate uji, na uza siku hiyohiyo maana inachacha haraka.

Mchanga_Mkuranga: Asanteni sana. Kwa hiyo za dukani zinaota kweli?

BintiShamba: Zikiwa zimekaushwa tu bila kukaangwa zinaota, loweka chache uziweke kwenye kitambaa chenye maji uone kama zinachipua kabla hujanunua kilo nyingi. Na ile aina iliyofugwa kwa kilimo haitoi maua sana kama ya porini, huo nao ni unafuu.

JembeKali: Basi panda kwenye viroba au tuta ulilolizungushia vizuri, mbali na mahindi. Majani yakishakauka ndo uvune, na mchanga wote upitishe kwenye chekecheke, kile kijiazi ulichokiacha ndicho kitakachotoka mvua zijazo.