Mashine ya kupuliza poda au kukwanguliwa mizizi ya meno, ipi inatibu fizi kweli?

kato_ntinda

Wadau salaam. Fizi zangu zinatoka damu kila nikipiga mswaki, imekuwa hivyo muda mrefu nikawa naona ni kawaida tu, lakini sasa jino moja la mbele chini limeanza kucheza nikilisukuma na ulimi, ndo nikaingiwa na hofu nikaenda kliniki moja hapa Kampala. Musawo, yaani daktari, akachukua kale kachuma kembamba kenye alama akawa anakachomeka pembeni ya kila jino huku anamtajia msaidizi wake namba, tatu, nne, tano, sehemu mbili akasema saba. Akanieleza ufizi mzima unakuwa kati ya milimita moja na tatu, hizo saba ni mifuko, yaani ufizi umeachana na jino na mfupa wa chini umeshaliwa. Anasema inabidi anikwangue mizizi chini ya ufizi kwa ganzi, upande wa kulia kwanza, kisha siku nyingine nirudi upande wa kushoto.

Sasa jamaa wa ofisini akanipeleka kliniki anayoenda yeye, pa kifahari kidogo, pale wana mashine inayopuliza hewa, maji na poda kwa pamoja, wanasema haina sindano, haina maumivu, unakaa kidogo unaondoka zako, ila bei iko juu. Swali kwa wanaojua: hii ya poda inaweza kuchukua nafasi ya kukwangua au ni biashara tu? Sindano ya mdomoni naiogopa kuliko bei, mjue hilo kabla hamjanijibu.

mama_shadia_bombo

Pole bambi. Mi nilikwanguliwa mdomo mzima. Sindano unaisikia ile ya mwanzo tu, ganzi ikishakolea kinachobaki ni kelele kichwani na maji mengi mdomoni. Musawo alianza na ile mashine ya mtetemo halafu akamalizia na vyuma vya mkono, na ugaga aliotoa chini ya ufizi ulikuwa mweusi tii, kwenye kioo hata huuoni ule.

Kilichonisumbua ni baadaye. Maji ya baridi yakawa yananichoma, na meno yakaonekana marefu yana nafasi nafasi, majirani wakaanza eti nimeharibiwa mdomo. Nikarudi pale nimekasirika kweli, akanitulizisha akasema ufizi ulikuwa umevimba ukafunika zile nafasi, sasa uvimbe umeshuka naona hali yenyewe ilivyo. Mchomo ulipungua taratibu kwa dawa ya meno ya watu wenye meno yanayochoma. Damu sasa hivi hakuna. Mashine ya poda sijawahi kuiona.

stage_ya_arua

Banange watu wa Kampala mnapenda kutoa hela! Babu yangu alitumia kijiti na chumvi na mkaa mpaka anazikwa meno yake alikuwa nayo. Mi mwenyewe navuta sigara tangu ujana na fizi hazijawahi kutoa hata tone, kwa hiyo hayo ya mifuko sijui milimita ngapi tuachieni sisi watu wa boda tusiwe na presha bure.

kulthum_wa_meno

Nafanya kazi ya meno kituo cha afya ngazi ya nne huku mashariki, hiyo mashine ya poda kituoni kwetu haipo lakini nimeitumia mahali pengine, so siuzi chochote hapa. Wa Arua subiri, nitakufikia.

Kato, kabla ya kuchagua mashine uliza kwanza chini ya ufizi wako kuna nini. Kuna ukoga, ule utando laini wa bakteria unaojijenga kila siku, na kuna ugaga, ambao ni ukoga ulioganda kwa madini ya kwenye mate ukawa jiwe. Meno ya mbele chini ndo hupata ugaga mwingi kwa sababu tundu za mate ziko hapo hapo chini ya ulimi, na sishangai jino lako linalocheza ni la hapo. Poda inaondoa ukoga vizuri sana, hata kwenye kona ambazo chuma kinahangaika. Ugaga haiutoi. Utapuliziwa mpaka hewa iishe kwenye kompresa, jiwe litabaki pale pale limeng'aa tu, na kwenye jiwe lenye kukwaruza bakteria hawakawii kurudi.

Ndo maana mtu mwenye mifuko ya sita na saba ambaye hajawahi kusafishwa chini ya ufizi hawezi kuepuka kukwanguliwa. Iwe vyuma vya mkono iwe mashine ya mtetemo, ukifanywa na anayejua matokeo hayapishani sana, mwongozo wa Ulaya wa 2020 wa kutibu fizi unakubali vyote viwili, kimoja au kwa pamoja. Poda inaweza kuongezwa siku hiyo hiyo, haina ubaya, wengine huanza nayo ili waone vizuri ugaga uko wapi, lakini faida yake juu ya kukwangua kwa matibabu ya kwanza ni ndogo. Ukiambiwa inatosha yenyewe kwa mdomo kama wako, muulize huyo anayekuambia ule ugaga utatoka vipi.

Jambo lingine ni kwamba poda haziko sawa. Ile ya zamani ni baikaboneti ya sodiamu, chembe zake ni kubwa na kali, ni ya kutoa madoa ya chai na sigara juu ya jino na si ya kugusa mzizi, maana mzizi hauna ile enameli ngumu, unalika. Ina chumvi pia kwa hiyo mwenye presha aliyekatazwa chumvi aseme mapema. Za kuingia chini ya ufizi ni glisini, chembe zake ziko karibu maikromita 25, au erithritoli ambayo ni karibu 14. Tena kwa mfuko mrefu kuna ncha yake maalumu nyembamba ya plastiki, inaingizwa kama sekunde tano kila sehemu, si ile ncha ya kawaida ya kusafishia juu. Kwa hiyo uliza poda gani na ncha gani, wakianza kutazamana ondoka.

Haya wa Arua. Sigara inabana mishipa midogo ya damu kwenye fizi, mvutaji anaweza kuwa na mifuko mirefu na asione damu. Kukosa damu kwako wewe si ushahidi wa chochote, njoo upimwe. Kijiti sina ugomvi nacho, kikitumika vizuri kinasafisha, mkaa ndo uuache unasaga meno.

okello_mtafiti

Kulthum heshima yako, ila mi nimesoma kwenye neti tafiti kibao zinasema poda na kukwangua vina matokeo sawa, kina cha mfuko kinapungua sawa, damu inapungua sawa, na wagonjwa wanasema poda haiumi kama chuma. Sasa kama ni sawa na haiumi kwa nini mtu achomwe sindano? Isije ikawa ni wauguzi wa zamani wanaokataa teknolojia mpya 😄

kulthum_wa_meno

Hizo tafiti nazijua na hazidanganyi, shida ni nani aliyepimwa. Nyingi ni za watu walioko kwenye matunzo, yaani walishakwanguliwa zamani, ugaga wao uliisha, sasa wanarudi kila baada ya miezi kadhaa kusafishwa masalia. Mtu wa namna hiyo chini ya ufizi ana ukoga laini na ugaga kidogo sana au hana kabisa, lazima poda ilingane na chuma, kuna nini cha kukwangua? Hapo mimi mwenyewe nachagua poda: haiumi, ni ya haraka na haili mzizi. Zamani tulifundishwa kukwangua mpaka mzizi uwe laini kama kioo, siku hizi tunajua si lazima, kila ukikwangua unaondoa kidogo cha mzizi wenyewe, na mgonjwa wa fizi anarudi maisha yake yote, hebu piga hesabu.

Sasa ukichukua matokeo ya hao ukamvalisha Kato ambaye ndo kwanza anaanza, umempa nguo ya mtu mwingine.

nalongo_jinja

Naunga mkono, mi nimepitia zote. Nina kisukari, fizi zilinisumbua sana, nikakwanguliwa kwanza na chuma, sasa nikirudi wananipulizia poda na sehemu chache tu ndo wanagusa na mashine ya mtetemo. Tofauti ni kubwa jamani, poda ni kama maji ya uvuguvugu yenye mchanga laini sana, natoka pale naenda sokoni moja kwa moja. Ila kuna kliniki moja nilienda katikati hapo wakanipulizia ile ya chumvi hadi kwenye fizi, mdomo ulikuwa unawaka na nilitema damu njia nzima, nikajua kumbe poda kwa poda si ndugu.

Na sukari yangu daktari alisema fizi zikitulia nayo hushuka kidogo, sijui kwa wengine lakini kwangu vipimo viliongea. Kato umepima sukari?

kato_ntinda

Sukari sijapima, nitapima wiki hii. Ila kuna kitu sikukitaja, nina pumu, natembea na inhela mfukoni. Wale wa poda hawakuniuliza hata. Hii inabadilisha kitu?

kulthum_wa_meno

Inabadilisha. Mashine ile inatoa wingu la poda na maji, ndo maana mwenye pumu kali au shida ya mapafu tunamwepusha nayo au tunaongea na daktari wake kwanza. Pumu iliyotulia ni habari nyingine lakini lazima waijue kabla, na inhela iwe mezani si kwenye begi. Kuna hatari nyingine ya nadra, hewa kupenya chini ya ngozi uso ukavimba ghafla, hutokea hasa ncha ikielekezwa vibaya kwenye tishu, kwa hiyo anayeshika mashine awe amefundishwa. Mashine ya mtetemo nayo inarusha maji, watajie pumu hao pia, vyuma vya mkono ndo havirushi kitu.

Sindano sasa. Omba wakupake ganzi ya jeli kwanza kwenye ufizi, wasubiri kidogo, ndo wachome taratibu. Wengi wanaoogopa wakipakwa ile jeli hawasikii hata ilipoingia. Sema unaogopa, usikae kimya ukijifanya mwanaume wa Gulu barracks.

stage_ya_arua

Hahaha Kulthum umenipiga vibaya. Sasa mtu wa hali ya chini anapimwa wapi, hizo kliniki za Kampala si za kwetu.

kulthum_wa_meno

Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha meno, Arua ipo. Uliza afisa wa meno, mwambie unataka kupimwa mifuko, si kung'olewa. Nasisitiza hilo kwa sababu watu wetu wanakuja jino likishalegea kabisa na kitu cha pekee wanachojua kuomba ni koleo. Ukiwa Kampala Mulago wapo, wanafunzi wa udaktari wa meno wa Makerere wanajifunzia pale chini ya walimu wao, foleni ni ndefu lakini watu hawana haraka na mdomo wako.

mama_shadia_bombo

Na vile vibrashi vidogo vya katikati ya meno msivisahau jamani, baada ya kukwanguliwa mi uzi wa meno ulikuwa hautoshi tena zile nafasi, vibrashi ndo vinaingia. Musawo wangu aliniambia nikiviacha ugaga utajenga upya na hela yangu imeenda bure.

okello_mtafiti

Sawa Kulthum nimekupata, kumbe nilipaswa kuangalia waliopimwa ni akina nani. Swali la mwisho, hiyo saba ya Kato itarudi kuwa tatu?

kulthum_wa_meno

Mara nyingi inapungua, kurudi tatu si rahisi kwa saba. Mfupa ulioliwa haukui tena kwa kusafisha tu, ufizi ndo unajikaza na uvimbe unashuka, na jino linalocheza kidogo linaweza kutulia. Wanapima upya baada ya miezi kama mitatu. Sehemu ikibaki sita na zaidi na bado inatoka damu, hapo wanaweza kukwangua tena au kufungua ufizi kwa upasuaji mdogo waone mzizi kwa macho. Zikitulia, unaingia kwenye matunzo ya kila miezi mitatu mpaka kumi na miwili kutegemea na mdomo wako, na huko ndo uulizie poda yako, kama pumu inaruhusu. Kato, chukua nakala ya ile karatasi ya namba, usiiache kliniki, bila hiyo miezi mitatu ikifika hakuna cha kulinganisha.

kato_ntinda

Nimewapigia, karatasi wananitumia kwa WhatsApp. Kulia ni Jumanne asubuhi, nimeshawaambia kuhusu pumu na nimeomba hiyo ganzi ya kupaka, yule dada wa mapokezi akacheka akasema ninyi wanaume ndo mnaomba zaidi.