Naomba msaada kutambua wadudu kwenye mbaazi (Nachingwea): ni aina moja au tatu?

Mkulima_Nachi: Wakuu, habari za saa hizi. Mbaazi zangu zimeanza kuweka maganda na zimevamiwa. Chini ya majani kuna vidudu vyeusi vya mviringo, vina madoa meupe, vimejikusanya. Kwenye maganda kuna wakubwa zaidi, wa kijani wenye mabaka ya pinki. Halafu wapo wa kijani kitupu, bapa, wanaruka na ukiwashika wananuka. Muuza dawa mmoja kaniambia weusi ni mbawakawa na kila aina ina dawa yake. Dawa tatu sizimudu, na punje zimeanza kusinyaa. Picha zinagoma kupanda. Natanguliza shukrani.

MwanaMasasi: Pole sana mkuu. Kwa maelezo yako hao ni aina moja: kunguni wa kijani, kitaalamu Nezara viridula. Tunutu wake, yaani mtoto ambaye bado hajaota mabawa kamili, hujivua ngozi mara tano mpaka awe mkubwa, na rangi inabadilika njiani, ndiyo maana rangi peke yake inawapoteza wengi. Mbawakawa mtoto ni funza, hafanani kabisa na mzazi. Mtoto wa kunguni ana umbo la mzazi tangu anaanguliwa, ila hana mabawa. Mgeuze chali mmoja: ukiona mrija umelala chini ya kifua, huyo ni mfyonzaji, hana taya za kutafuna. Kisha angalia mabega ya wale wenye pinki, utaona vibawa vifupi vinachipua. Hao wamebakiza kujivua mara moja tu.

Mama Newala: Naongezea, kaka. Huku kwetu mbaazi zinafyonzwa pia na kunguni wa kahawia mwenye vinyweleo na miiba mabegani. Huyo ni mwingine, usimchanganye.

Ukitaka uhakika, weka weusi wachache kwenye chupa pana, funika kwa kitambaa, wape maganda mabichi kila siku. Wakijivua utaona mwenyewe wanageuka nini. Mimi naamini njia hii kuliko picha yoyote.

Bwana_Shamba: Tafuta na mayai. Ya huyo wa kijani ni kama vipipa vidogo, yamepangwa safu chini ya jani, rangi ya maziwa, yakikaribia kuanguliwa yanakuwa mekundumekundu. Yaliyogeuka meusi tafadhali usiyaponde! Ndani yake mna nyigu wadogo sana wanaoyala, hao wanakusaidia. Na ukikuta kunguni mwenye mrija mnene amemchoma kiwavi, mwache, huyo ni mwindaji. Ukibaki na shaka peleka sampuli TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Naliendele, Mtwara.

Mkulima_Nachi: Asanteni sana ndugu zangu. Nimegeuza weusi na wenye pinki, wote wana mrija, na vibawa nimeviona. Mayai meusi nimeyaacha. Nina kunde pembeni ya mbaazi, nazo nizikague?

MwanaMasasi: Zikague leo leo, hasa zenye maganda mabichi. Nenda alfajiri kukiwa na baridi, wanakuwa wazito kuruka.