Land Rover Series III ya petroli: kabureta ya Zenith ifufuliwe au itupwe?

Mleta uzi:
Ndugu wanajamvi, salaam. Nina Land Rover Series III ya petroli, injini ya cc 2286, niliyoachiwa na baba yangu mdogo hapa Iringa, na kabureta yake (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) bado ni Zenith 36 IV. Asubuhi gari huwaka bila taabu, lakini injini ikishapata moto sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) huyumba, ekzosi hutoa moshi mweusi, na plagi nikizifungua nazikuta zimejaa masizi makavu. Chujio la hewa ni safi na choki (kizuizi cha hewa cha kuwashia injini ikiwa baridi) inarudi hadi mwisho. Kinachonishangaza ni kwamba skrubu ya kurekebisha mchanganyiko naweza kuifunga yote bila injini kubadilika hata kidogo. Fundi ninayemtumia ananishauri nifunge kabureta ya pikapu. Naomba ushauri wenu kabla sijamkubalia.

Fundi Mkongwe:
Mkuu, usikubali. Skrubu hiyo ikifungwa yote, injini inapaswa kuzima. Isipozima, petroli imepata njia nyingine ya kuingilia. Katika Zenith hii kifuniko na kipande kinachobeba jeti (vijibomba vyenye tundu la kupimia petroli) hukutana kwa nyuso mbili zenye gasketi katikati, na nyuso hizo hupinda kwa joto la miaka mingi, na pia kwa mikono ya mafundi wanaoamini kwamba kila kinachovuja dawa yake ni kukaza. Fungua, safisha, kisha simamisha rula ya chuma juu ya kila uso ukielekea dirishani: mwanga ukipenya chini ya rula, ugonjwa umeupata. Ng'oa jeti na boya (kielea kinachopima kina cha petroli ndani ya kabureta), laza msasa wa maji namba 400 juu ya kioo kinene, usugue polepole kwa kuzungusha hadi uso wote uwe na rangi moja. Jeti zipulizwe kwa kompresa tu, kwa sababu waya hupanua tundu, na tundu likishapanuka gari litakunywa mafuta daima.

Binti wa Gereji:
Nakubaliana na mzee, ila kaka, kabla hujashika bisibisi pima kwanza uwazi wa pointi za disitributa (vipande vinavyokata na kuunganisha umeme ili plagi zitoe cheche), uwe kati ya milimita 0.35 na 0.40, kwani moto dhaifu nao huacha masizi. Vilevile tikisa ekseli ya kipepeo cha kabureta (kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta). Ikicheza sana, hewa itakuwa inaingilia hapo na sailensa haitatulia hata ukisugua nyuso mpaka zing'ae.

Mleta uzi:
Nashukuru sana. Ekseli inacheza kidogo mno. Je, gasketi ya kukata mwenyewe kwa karatasi inafaa?

Fundi Mkongwe:
Haifai, maana ina vitundu vidogo vya kupitishia mafuta na hewa ambavyo vikikosea kidogo tu unaziba njia. Agiza seti kamili yenye kimpira cha duara na vali ya sindano ya boya, ile inayofunga petroli boya likipanda. Ukishafunga vali hiyo, geuza kifuniko juu chini, upulize kwa mdomo kwenye mlango wa petroli. Pumzi ikipita, vali haijakaa sawasawa. Skrubu za kifuniko zikaze kidogo kidogo kwa kupishana pande, na mchanganyiko usiurekebishe mpaka injini ipate moto kamili.